Kisiki cha Njia ya Kamba

Kila asubuhi Zamda alifungua kufuli ya jengo la mashine pale Kabuku, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwatoa kuku. Walipenya dirishani usiku, wakalala juu ya vyuma. Mtetea mmoja mwekundu alikuwa amechagua kutagia kwenye sahani ya chuma ambayo zamani katani ilikuwa ikiingilia, na Zamda, aliyekuwa akilipwa na serikali kuilinda mashine hiyo, hakuwa na moyo wa kumfukuza kabla hajamaliza. Alimngoja. Kisha alichukua kitambaa, akafuta vumbi kwenye maandishi ya kigeni ambayo hakuna mtu Kabuku aliyewahi kuyasoma, akavuta kimoja cha vile viti sita, akakaa.

Hivyo viti ndivyo vilivyomponza. Mtu akimwambia leo kwamba aliivunja nyumba ya kaka yake kwa sababu ya kiti, atakasirika, lakini hatabisha.

Kabla ya jengo hilo, mahali pale palikuwa na Njia. Ndivyo walivyopaita, Njia, kana kwamba barabara ya lami iliyopita hatua chache tu kutoka hapo, yenye malori ya kwenda Segera na ya kwenda Chalinze, haikustahili jina hilo. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, wanawake wa Kabuku walijikusanya, wakaomba katani fupi ambayo shamba la mkonge la jirani lilikuwa likiitupa, wakasimamisha nguzo, wakaezeka makuti banda refu jembamba, wakaanza kusokota kamba. Bharat, mwenye duka la vifaa Korogwe mjini, alizinunua zote. Wafugaji walizitaka kwa ndama, wachimba visima walizitaka kwa ndoo, na mafundi wa nyumba hawakutaka nyingine.

Kazi yenyewe ilitaka watu wawili. Msokotaji alijifunga katani kiunoni, akanasa ncha yake kwenye kulabu ya gurudumu, mwenzake akaanza kuzungusha. Hapo msokotaji aliondoka kinyumenyume, akiiachia katani kidogo kidogo kati ya vidole vilivyoshika kitambaa kilicholowa, na uzi ukazaliwa mbele ya macho yake huku yeye akizidi kwenda asikokuona. Mzungushaji ndiye aliyekuwa macho yake. Aliita: "Kulia kidogo! Kuna mtoto nyuma yako! Sasa nguzo!" Msokotaji hakugeuza shingo, maana akigeuka uzi ungeharibika. Alimwamini aliyeko kwenye gurudumu, akaenda.

Tena nafasi kwenye Njia haikuwa ya mtu, ilikuwa ya nyumba. Mama akiugua, binti alikuja kushika. Binti akijifungua, shangazi alishika. Siku ya matanga nyumba nzima ilikwenda kulia, na nyumba ya jirani ikaleta mtu wa kuishikia ile nafasi mpaka wenyewe warudi. Nafasi zilikuwa chache tu, lakini ukiuliza ni wanawake wangapi waliokula kwa ile Njia, kila uliyemuuliza angekutajia hesabu yake, na wote wangekuwa wakweli. Kwa wanawake wale kazi ilikuwa kama kisima, haimaliziki kwa kuwa mwingine naye ameteka.

Katikati ya Njia palikuwa na kisiki. Mkwaju ulikatwa pale siku ya kusafisha uwanja, na wanaume waliokuwa waling'oe shina waliitwa msibani kabla hawajamaliza. Hawakurudi tena. Kisiki kikabaki, kimetokeza juu ya udongo kiasi cha ngumi. Wanawake walikizoea. Walifika pale kinyumenyume, wakainua kisigino bila kuambiwa, wakapita, na mpofuka ukongweni hapotewi na njia. Hakuna aliyekiona kuwa ni tatizo, kama vile mtu asivyoliona kovu la mama yake.

Hajira alikuwa mke wa Mwinjuma, kaka pekee wa Zamda. Alitoka kwao Mashewa, ng'ambo ya Korogwe chini ya milima, akaja Kabuku bibi harusi mwenye aibu hata ya kuomba chumvi. Njia ndiyo iliyomfungua mdomo. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa akizianzisha yeye nyimbo za Kizigua ambazo hakuzaliwa nazo, akizikosea maneno, na wazee wakicheka mpaka wakishika nguzo. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Kamba yake ungeipitisha shavuni isikukwaruze.

Mtoto tu ndiye aliyekawia. Walingoja miaka, wakaenda kwa waganga wa huku na wa kule, wakakata tamaa kimyakimya, ndipo mimba ikaingia. Hajira hakutaka kukaa nyumbani. Alisema akikaa atahesabu siku, na siku zikihesabiwa hazitembei. Basi Zamda akasema yeye mwenyewe atakuwa kwenye gurudumu, asimzungushie mtu mwingine.

Siku moja Zamda aliliona tumbo la wifi yake limebadili mwendo wake, hatua zimekuwa fupi, kisigino hakiinuki palepale pa zamani. Aliita: "Kisiki, Hajira! Kisiki!" Wakati uleule lori lilipita barabarani, dereva akalipigia honi kundi la mbuzi. Ile honi ilikuwa ndefu. Zamda aliita mara ya pili na hata yeye mwenyewe hakujisikia.

Kisigino kikakwaa, Hajira akaanguka. Mimba haikukaa. Hajira alilala, kisha siku zake za kulala zilipokwisha akarudi kwenye Njia, akajifunga katani palepale kiunoni. Zamda hakuweza kumtazama. Tangu siku hiyo, kila alipomwona mwanamke akirudi nyuma aliisikia tena ile honi. Aliichukia Njia. Hakumwambia mtu.

Ndiyo maana bwana Stefano, ofisa wa viwanda wa mkoa, alipokuja na habari ya mashine, alimkuta Zamda tayari. Stefano alikuwa kijana wa Lutindi, mpole, aliyesoma misheni kisha ng'ambo, na aliwasalimia wanawake wote shikamoo mmoja mmoja kabla ya kusema neno la serikali. Walimpenda kwa hilo. Akasimama chini ya makuti ya Njia, akawaeleza kwamba nchi rafiki imetoa zawadi.

"Kamba mnazosokota kwa mwezi, yenyewe itazisokota kwa siku," alisema. "Inaendeshwa na injini ya dizeli. Inahitaji watu sita."

Zamda, ambaye wenzake walimchagua awe msemaji wao, alisimama. "Hao watu wanafanya kazi wamesimama, baba, au wanatembea?"

"Wanakaa, mama. Kila mmoja ana kiti chake."

"Na mwenye mimba, anaweza?"

"Anaweza hata mwenye mapacha!"

Wanawake walicheka, wakapiga vigelegele. Zamda hakucheka. Machozi yalimlenga, akajifuta kwa ncha ya kanga, akasema kwa niaba ya wote: "Basi tuleteeni." Hajira alikuwa amesimama nyuma yake, amemshikia viatu.

Mkutano ulipovunjika, Hajira alimsogelea. "Wifi, hao sita ni kwa zamu?"

"Kwa zamu. Ulishaona wapi nafasi ikawa ya mtu mmoja?"

"Hakusema zamu."

"Hakusema kwa sababu kila mtu anajua."

"Si umuulize? Yule pale bado."

Stefano alikuwa kando ya Landrova, akimenya chungwa alilopewa. Ilikuwa safari fupi, kutoka kwenye nguzo hadi kwenye gari. Zamda alimtazama, akaiona kalamu mfukoni mwake, akaziona soksi zake, akaona haya. Alikwisha kusimama mbele ya watu akasema tuleteeni. Kurudi tena kuuliza kungekuwa kama kujivua nguo mbele ya mgeni.

"Usinitie aibu," alimwambia Hajira. Wazee husema kuuliza si ujinga, na Zamda alilijua neno hilo tangu utoto. Kulijua hakukumsaidia.

Banda likabomolewa. Mafundi waashi walikuja kumwaga saruji, na Zamda aliwapikia uji. Walikikuta kile kisiki, wakakizunguka kwa majembe, wakakipiga sururu, na uji ulipoiva kilikuwa kimelazwa kando, mizizi juu. Mmoja wao alikikalia akinywa uji wake. Zamda alikiona. Hakuwaza lolote, alimwongezea sukari.

Asubuhi ya kuanza kazi wanawake wote walifika, wamevaa kanga za sikukuu, wamekwisha kupangana wao kwa wao nani ashike Jumatatu, nani Jumanne, na nyumba gani imshikie Swaumu aliyekuwa na mtoto mchanga. Mlangoni walimkuta Athuman, fundi aliyeletwa kutoka Tanga, na vijana watano wenye vyeti vya darasa la saba. Walikuwa wamekwisha kukaa vitini.

"Mmekuja kuangalia?" Athuman aliwauliza kwa ukarimu. "Karibuni, ila msisogelee mkanda."

Walisimama mlangoni, wakaangalia. Injini ikawashwa, nyumba ikatetemeka, na kamba ikaanza kutoka upande wa pili, nyembamba, sawasawa, nyingi, haina mwanamke nyuma yake. Kwa kweli ilikuwa nzuri. Swaumu ndiye aliyegeuka wa kwanza, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaenda zake. Wengine wakamfuata, na wakipita mbele ya Zamda walimwaga kwa adabu, kila mmoja, kama waagavyo watu matangani. Hakuna aliyemlaumu. Angelipata wa kumtukana angelimshukuru.

Yeye alipewa kazi ya kufagia, kwa sababu alikuwa msemaji.

Hasara haikuja kwa kishindo. Ilikuja kama mchwa. Bharat alisema kamba ya mashine ni nyembamba, wafugaji hawaitaki. Nayo haikukusudiwa wafugaji, ilikusudiwa meli, na huko meli zinakokwenda watu walikuwa wameanza kufungia mizigo kwa nailoni. Bei ya mkonge ikaporomoka, shamba likapunguza wakataji, Mwinjuma akiwa mmoja wao. Zamani mume akikosa kazi, Njia ilimlisha mpaka apate nyingine. Sasa palikuwa na mashine. Mwinjuma alikaa barazani miezi kadhaa akimtazama mkewe asiyekuwa na la kufanya, wakatazamana hivyo mpaka wakachokana, kisha akasema anakwenda Kilombero kwenye miwa. Aliandika mara moja. Hajira alimngoja, akafunga mzigo wake, akarudi kwao Mashewa. Ilipokuja operesheni ya vijiji, waliobaki nao wakatawanywa, huyu huku, yule kule. Dizeli ikawa haba. Siku moja gia ikavunjika jino, wakaagiza nyingine ng'ambo, wakangoja. Athuman akarudi Tanga. Zamda akaachiwa ufunguo.

Bwana Stefano alirudi mwaka uliofuata baada ya mavuno. Mvi zilikuwa zimemtoka mapema. Alimsalimia Zamda shikamoo, akakataa kiti, akasimama akimtazama mtetea.

"Mama, wakubwa wamebadili mawazo," alisema. "Sasa wanataka viwanda vidogo vidogo, kazi ya mikono. Wamesikia kulikuwa na Njia hapa Kabuku. Wanataka irudi."

"Irudi wapi, baba? Mashine imeikalia."

"Tutajenga nyingine huko nyuma. Wewe nikusanyie watu."

Zamda alikunja kitambaa chake. "Nikuulize kitu ambacho sikukuuliza siku ile. Mlijua mashine itatutoa kazini?"

Stefano hakujifanya hajaelewa. "Tulijua. Darasani walitufundisha nchi ianze na kile ilichojaaliwa kwa wingi. Sisi tulijaaliwa mikono. Hilo niliandika, nikalitia sahihi. Lakini zawadi ilikuwa imekwisha kufika bandarini Tanga, mama. Na hakuna mgeni rasmi anayekuja kukata utepe wa mikono."

"Ungeniambia."

"Ulisema tuleteeni. Nilifurahi mno, sikutaka kuuliza."

Zamda alimwonea huruma, na hilo lilimshangaza. Walikuwa wamesimama wawili wao, kila mmoja na swali lake la zamani, na kati yao kuku akitaga.

Siku ya pili alipanda gari kwenda Korogwe, na kutoka Korogwe akapanda basi la Mashewa. Katika fundo lake alitia sukari, kanga ya doti moja, na ile kulabu kuukuu ya Njia yenye mpini wake na kibao chake, aliyoiokoa siku ya kubomoa. Njiani alipanga maneno. Usiache mbachao kwa msala upitao, angeanza hivyo, aseme mimi ndiye niliyeacha. Basi lilipomshusha, maneno yote yalikuwa yamemtoka.

Alimkuta Hajira amekaa. Hicho ndicho alichokiona kwanza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, kanga ameipandisha juu ya goti, anasokota katani juu ya paja lake kwa kiganja, kamba fupi za mbuzi. Ngozi ya paja ilikuwa imechubuka, ikapona, ikachubuka tena juu ya kovu. Zamda aliyekuwa amemwombea kiti wifi yake alisimama akakitazama.

"Wifi!" Hajira alinyanyuka, wakashikana, wakalia kidogo kama inavyopasa, kisha akamkaribisha ugali wa muhogo na kisamvu. Walipokwisha kula ndipo Hajira alipouliza, akiangalia pembeni: "Mwinjuma ameandika?"

"Hajaandika."

"Haya."

Zamda akamweleza yote, mashine ilivyokufa, Stefano alivyokuja, Njia itakavyojengwa upya. Akamwambia wengine watakuja wakisikia Hajira amekuja. Hajira alisikiliza huku mkono wake ukirudi kwenye paja, ukisokota.

"Niliitaka ile mashine kwa ajili yako," Zamda alisema mwisho. "Tangu siku ile nilikuwa sioni. Nilitaka usirudi nyuma tena."

Hajira alifunga fundo, akaikata kamba kwa meno. "Wifi, mimi niliangushwa na kisiki," alisema taratibu. "Sikuangushwa na kamba."

"Najua."

"Tungeking'oa."

Zamda alimwona tena akilini yule mwashi amekikalia kile kisiki, bakuli mkononi, na yeye mwenyewe akimwongezea sukari. Uji ulikuwa bado haujaiva walipokianza, na ulipoiva walikuwa wamekimaliza.

"Ulimuuliza Stefano kama mwenye mimba anaweza kukaa," Hajira aliendelea, bila hasira, na bora angekuwa na hasira. "Mimi nilikuwa nyuma yako. Viatu vyako nilikuwa navyo mimi. Hukugeuka ukaniuliza kama nataka kukaa."

"Ulikuwa unataka nini?"

"Nilikuwa nataka kwenda pale kila siku, nikute watu. Nyumbani palikuwa na kitanda tu." Alikusanya kamba zake fupi, akazihesabu, akaona hazijatosha fungu. "Sirudi Kabuku, wifi. Sikununii. Lakini nikirudi nitakuwa nangoja barua ya kaka yako mlangoni kwake, na nimeshachoka kungoja nikiwa nimekaa."

Jua lilikuwa limeinama. Basi lilikuwa karibu kurudi, na baada ya hilo hakuna jingine mpaka kesho kutwa. Zamda alifungua fundo lake kutoa sukari na kanga, na kulabu ikaanguka chini.

Hajira aliiokota. Alipitisha kidole gumba kwenye mpini, pale palipolainishwa na mikono ya wengi.

"Hapa nasokota za mbuzi tu," alisema. "Ndefu haitoki. Sina wa kuzungusha."

Hakumwomba. Zamda naye hakungoja kuombwa. Alikikaza kile kibao kwenye mkingamo wa uzio, akashika mpini. Hajira akajifunga katani kiunoni, akalowesha kitambaa, akanasa ncha. Mpini ukazunguka, ukalia kama zamani, na Hajira akaondoka kinyumenyume, polepole, akatoka uani, akashika kijia kinachoteremka kwenda barabarani. Uzi ukazaliwa kati yao.

"Kulia kidogo," Zamda aliita. "Hapohapo. Kuna mfereji, inua mguu."

Hajira aliinua mguu. Hakugeuza shingo. Alizidi kuwa mdogo, na uso wake wote ulikuwa umeelekea kwa Zamda, umetulia. Nyuma yake, katikati ya kijia, palikuwa na jiwe.

Basi likafika barabarani, likapiga honi, ndefu, ya kuwaita wa mwisho. Zamda hakuita. Aliuacha mpini, akaushika uzi kwa mikono miwili, akauvuta kidogo. Kule mbali Hajira aliusikia mkononi, akasimama, mguu mmoja hewani.

Walibaki hivyo wote wawili wameushika uzi, maana akiuachia mmoja unajifumua wote. Honi ikaisha. Basi likaondoka.

"Jiwe, wifi," Zamda akasema. "Nyuma yako."